Kesho Hakuna wa Kukugusa Bega

Mtaa wa Huruma, Jumapili baada ya alasiri

Rehema mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tunalala nyumba moja na asubuhi tumekunywa chai pamoja. Umetoka kwenda kwa Kerubo kusukwa nywele za safari, na mama yako ameshuka chini kumalizia kushona sare za watu. Nimebaki mimi na meza hii. Mtoto wa jirani anapiga mpira ukutani bila huruma, jambo ambalo wewe Mungu amekuepusha nalo. Nina nafasi hadi magharibi. Ukirudi mapema nitaificha karatasi chini ya kitambaa cha meza kama mwizi.

Utauliza kwa nini baba aandike na mikono anayo. Unaijua mikono yangu. Inajua kusema kula, lala, haraka, hapana, chukua mwavuli. Haya ninayotaka kukuambia leo haiyajui, na hilo ni kosa langu, nitalifikia. Kiswahili hukufundishwa shuleni. Ninyi mlisoma Lugha ya Ishara wenzenu waliposoma Kiswahili. Hiki ulicho nacho ulikipata hapa hapa mezani, kwa vikaratasi nilivyokuwa nakuandikia nawe unanijibu, tukigombana kwa kalamu mpaka chakula kinapoa. Kwa hiyo nakuandikia kwa lugha yetu, mimi na wewe.

Najua pia hutaisoma yote kwa mkao mmoja. Utaanza, utaangalia dirishani, utaiweka mahali, na wiki ijayo utaikuta ndani ya kiatu. Si neno. Nimeacha nafasi katikati upate pa kupumzikia. Anzia mwisho ukipenda.

Habari za blanketi, na dawa ya kuchua mguu, na kutolala madirisha wazi, mama yako amezimaliza. Mimi nina jambo moja tu.

Keshokutwa asubuhi, huko chuoni, utakaa mbele ya mtaalamu wa saikolojia, na pembeni yako mkalimani wa ishara, wakupime kama una tatizo la umakini. Umeshapimwa mara moja na ikasemwa huna. Tangu hapo umeanguka mitihani tena. Mkuu wa idara alituambia bila kuzunguka, na wewe ulikuwepo: wakikuta tatizo, chuo kitakupa muda wa ziada kwenye mtihani, chumba cha peke yako, na mtu wa kukuandikia yanayosemwa darasani. Wasipokuta kitu, wewe ni mwanafunzi aliyeshindwa kama wengine walioshindwa, na jina lako litatolewa. Hakuna mara ya tatu.

Naogopa, Rehema. Sijui namna nzuri ya kulisema. Kiwandani juzi nilisahau kufunga kalibu, lile umbo la kufinyangia beseni, na plastiki ya moto ikamwagika sakafuni. Msimamizi akaniuliza, "Mzee, uko wapi leo?" Nilikuwa kwenye hicho chumba chako cha keshokutwa, nimesimama nyuma ya kiti chako.

Na humo ndimo nisimotakiwa kuwa. Nitakueleza kwa nini.


Ulipougua ile homa ya uti wa mgongo na masikio yakafa, ulikuwa hujafikisha hata umri wa nasari. Jamaa zetu walikuja hapa wakakaa kama wamekuja msibani. Mimi sikulia. Nilijiambia kwamba Mungu alikuwa ameniandaa zamani. Pale kiwandani Baba Dogo, tunapotengeneza mabeseni ya plastiki, mashine zina kelele kiasi kwamba mtu akikusemesha unaona midomo tu inacheza. Kwa hiyo tunaongea kwa mikono. Kidole kooni, zima mashine. Kiganja usoni, joto limezidi. Vidole mdomoni, chai imefika. Nikasema, mtoto wangu atanikuta tayari naijua lugha yake.

Mwalimu wenu akatuita wazazi tuwe tunakwenda Jumamosi kujifunza ishara. Mama yako alikwenda mpaka akaweza. Mimi nilimwambia mwalimu kwamba hiyo lugha ninaifanyia kazi kila siku. Kiburi cha mtengeneza mabeseni hicho. Nilifikiri kumlea kiziwi ni kama kuongoza mashine: ukijua simama, ukijua endelea, yatosha. Ulipofika darasa la tatu mikono yako ilikuwa imenipita, na mimi badala ya kukufuata nikawa nakushika bega.

Kushika bega si kosa. Kiziwi huitwa kwa bega, au kwa kuwasha na kuzima taa, au kwa kupiga mguu sakafuni. Ndiyo adabu yenyewe, na mama yako ndiye aliyenifunza. Nyumba hii tuliipiga miguu mpaka Mama Njoki wa chini akapanda siku moja na mwiko mkononi. "Baba Rehema, hiyo stima yenu iko na shida gani? Inawaka inazima, inawaka inazima. Na juu yake mnaruka. Mtatuangushia hii ploti na gorofa zake zote." Nikamwambia tunamwita mtoto aje kula. Akacheka, akarudi na mwiko wake, na tangu siku ile kila taa ikicheza alikuwa akisema, Rehema anaitwa.

Lakini kuna kumwita mtu, na kuna kumshikia macho. Mimi nilikuita hata ulipokuwa umeshakuja. Ulikuwa ukikaa hapa na kazi ya shule, unaandika mstari, macho yanakwenda kwenye pazia. Nakugusa, unarudi. Maneno mawili, macho yamehamia kwenye kijiko. Nakugusa. Jioni nzima namna hiyo. Nilizoea hata nikawa nakugusa huku nasoma gazeti, bila kukutazama, mkono unajua wenyewe. Wageni walikuwa wakisema, Baba Rehema, mtoto wako ametulia kweli. Nami navimba kichwa. Hawakuona mkono.

Na shuleni ilikuwa vilevile, ila huko mkono ulikuwa wa Kerubo. Alikaa jirani yako miaka yote, akikupiga kiwiko kila ulipopotea. Darasa lenu lilikuwa dogo, mwalimu anakufikia kwa hatua moja. Umepita mitihani ukibebwa na kiwiko na kiganja, na hakuna aliyejua kwamba umebebwa, pengine hata wewe.


Sasa nikukumbushe siku ya wazazi, ukiwa darasa la tano. Najua unaikumbuka, uliniwekea kinyongo muda mrefu.

Nilimtangulia mama yako kufika, nikawauliza wasichana pale langoni, kwa mikono yangu hii ya kiwandani, mtoto wangu yuko wapi. Wakaulizana, kisha mmoja akafanya ishara: vidole viwili kutoka jichoni, halafu vikateleza kwenda kando. Wote wakaelewa, wakaelekeza jikoni. Nikamuuliza Kerubo ile ni nini. Akaniandikia kwenye kiganja kwa kidole: REHEMA. Ndilo jina walilokupa. Kila kiziwi hupewa jina na wenzake, nilijua hilo. Lakini jina la macho yanayokimbia?

Nilikwenda ofisini nikapiga kelele. Nilisema mtoto wangu anadhihakiwa. Kerubo, kitoto kile, akanifuata hadi mlangoni akiwa anafanya ishara kwa nguvu, na mama yako ndiye aliyenitafsiria: "Anasema si tusi. Anasema ni yeye. Wote wakitazama hadithi, yeye peke yake anatazama kando." Nikasema sitaki kuliona jina hilo tena. Na wewe nikakukataza kujiita hivyo mbele yangu. Ulitii. Hukuwahi tena kulifanya ndani ya nyumba hii.

Leo ndipo ninapoelewa walichokuwa wananiambia. Mimi na madaktari tulikuwa tukisema, macho yake yanatangatanga kwa sababu hasikii. Lakini wale wote walikuwa hawasikii. Shule nzima haikusikia, na macho yao yaling'ang'ania mikono ya mwalimu kama nzi kwenye muwa, kwa sababu hayo macho ndiyo masikio yao. Ni wewe tu uliyekuwa ukiondoka. Viziwi wenzako walikuwa wamekupima zamani, wakaweka majibu kwenye jina, na mimi nikataka waadhibiwe.


Kisha ukaenda chuo, kozi ya usanifu wa picha, na Kerubo akaingia kozi nyingine. Hakuna kiwiko, hakuna kiganja. Ukumbi mkubwa, mwalimu anaongea, mkalimani amesimama mbele, na wewe unatakiwa umtazame saa nzima bila kupepesa. Mwanafunzi mwenye masikio akiangalia dirishani, sauti ya mwalimu inamfuata hadi dirishani. Wewe ukiangalia dirishani mwalimu amekufa. Ukiinama kuandika, amekufa tena. Matokeo yakaja, na hata mhadhiri wako aliyekupenda akasema hakuelewi, kwa sababu michoro yako ilikuwa inashinda ya darasa zima na karatasi zako za mtihani zilikuwa zimeachwa katikati.

Mimi nikamwambia nini? Nilimwambia, "Huyu akitaka anaweza." Nilimsimulia ile Jumamosi ulipochora bango la timu ya mtaa, tangu asubuhi mpaka giza, hukula, hukunywa, mama yako akakuwekea chakula mara tatu na kukiondoa mara tatu. Nikasema mtu asiye na umakini hawezi hivyo. Nilidhani nakutetea. Kumbe nilimpa neno la kukuhukumia, na baadaye likatumika: uvivu.

Chuo kikasema upimwe. Nikakupeleka kliniki ya mjini. Mama yako alitaka kwenda yeye, nikamwambia amalizie kazi za watu. Daktari alikuwa binti mpole, ila ishara hajui hata moja, na mkalimani hakupatikana. Akasema tungoje siku nyingine. Mimi ndiye niliyesema, "Hakuna haja, daktari. Mkalimani wake ni mimi."

Hapo, Rehema, ndipo nilipokumaliza.

Aliuliza kama huwa unaonekana husikilizi unaposemeshwa. Nikacheka, naye akacheka kwa aibu, tukaliruka. Aliuliza kama unapoteza vitu. Nilikuuliza kwa ishara, "Unapoteza?" Ukajibu kwa muda mrefu, mikono inakwenda haraka, na uso wako ulikuwa umebadilika. Nilishika maneno machache tu: kichwa, watu, ngazi. Daktari akanitazama. Nikamwambia, "Anasema yuko sawa, ila chuoni kuna watu wengi." Akaandika.

Kisha akataja tarakimu nizihamishe kwa vidole, nawe uzirudishe kinyumenyume. Macho yako yakaenda kwenye pangaboi linalozunguka juu. Nikakugusa bega. Yakaja, yakaenda kwenye kalenda. Nikakugusa. Akakupa karatasi ya kutafuta maumbo yanayofanana, nikasogeza kiti changu karibu ili mkono ufike vizuri. Daktari akaona baba anayempenda mtoto wake. Mwisho akasema kwa furaha kwamba umakini wako ni mzuri, kwamba shida ni uziwi, na uziwi tayari tunaujua. Nilimshika mikono yote miwili kumshukuru.

Tulipotoka nikakununulia chipsi na kuku. Nilikuwa nasherehekea. Hukula. Ukanitazama sana, kisha ukaniuliza, ishara nyepesi ili hata mimi nisikosee: "Bega langu. Uligusa. Kwa nini?"

Nikajibu, "Ili ufaulu."

Ukasema, "Ule si mtihani."

Nikakuambia ule chakula.

Jioni ile ukaniandikia kikaratasi cha yale uliyomwambia daktari. Ninacho mfukoni mpaka leo, kimechakaa: "Kichwa changu ngazi za ploti yetu. Watu wote wapita. Kukaa hakuna mtu." Mimi nimepanda ngazi hizi miaka yote na najua zilivyo, mitungi ya maji, watoto, wauza mboga, kila mtu anakwenda kwake. Ningeweza kumweleza daktari vizuri sana. Nilimwambia uko sawa.

Usidhani sikuwa na sababu. Ilikuwa sababu mbaya, lakini ilikuwepo. Nilikuwa nimechoka kusikia watu wakisema maskini. Moja nilikuwa nimezoea kuibeba. Walipotaka kuniongezea ya pili nikaweka mgongo ukutani. Niliona nikikubali, watasema mtoto wa fulani ana hili na hili, basi yeye mwenyewe yuko wapi? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nilikuwa nimewaambia watu wengine maneno hayo, kwa sauti.


Na kilio kilibaki kidogo tu kituumbue.

Ile asubuhi ya Juja Road nilikuwa nimekutangulia. Nimezoea kuwa kando yako, upande wa kushoto, lakini siku ile nilikuwa na mzigo wa mama yako nikapita mbele nikavuka. Nilipogeuka ulikuwa umeshashuka barabarani. Ulikuwa unatazama kibao kipya cha kinyozi ng'ambo, kile chenye herufi nyekundu zenye kivuli. Nilipiga mayowe. Fikiria, Rehema. Miaka yote hii, na nikapiga mayowe.

Mwenye bodaboda iliyokugonga alikuwa kijana mdogo. "Buda, nimepiga honi mpaka nikachoka. Huyu dem hakuskia."

"Hasikii. Ni kiziwi."

"Hata kama. Aliniona, buda. Tuliangaliana macho kwa macho, alafu akacheki kule kwa kinyozi kama mimi siko."

Umelala pale, mguu umekaa vibaya, na mimi badala ya kulia nikawa nayarudia maneno ya yule kijana. Mtu mwingine akisahau kuangalia, masikio humwokoa. Kiziwi mwingine asiposikia, macho humwokoa. Wewe siku ile hukuwa na mlinzi hata mmoja, kwa sababu mlinzi wako nilikuwa mimi na nilikuwa nimebeba vitambaa.

Hospitalini, kwenye korido, mama yako alingoja hadi walipokuingiza kufungwa plasta. Kisha akanigeukia. Unamjua, hapandishi sauti. "Huo mkono wako utazikwa nao siku moja. Na mtoto atabaki na nini?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Na kilichonivunja zaidi ni ulivyokuwa baada ya kutoka pale. Umekaa hapa na plasta wiki baada ya wiki na kalamu zako hukuzigusa. Nilikuletea karatasi nzuri, ukazitumia kufungia sabuni. Nilipokuuliza ukajibu kwa ishara mbili: "Mimi mjinga. Basi." Ningekubali matusi yote ya dunia kuliko ishara hizo mbili. Nilitaka kukushika bega nikurudishe, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hapo mkono wangu haufiki.


Huyu mtaalamu wa keshokutwa alipatikana na mama yako, kupitia mwalimu wenu wa zamani. Amezoea kupima viziwi. Hatumii ile mitihani ya kusikiliza. Ametaka kuongea na wewe mwenyewe kwa ishara, na mkalimani aliyehitimu, na ametaka pia kumwona Kerubo, kwa sababu anasema kiziwi apimwe kando ya viziwi wenzake, si kando ya wenye masikio. Nilipoambiwa hilo nikawakumbuka wale wasichana wa langoni.

Nilimpigia simu niombe kuketi pembeni tu. Akasema, "Hapana, mzee. Wazazi hawatakuwemo." Nikamwambia maneno ambayo mtu wa umri wangu hafai kuyasema, nikakata. Kesho yake nilimpigia tena nikamwomba radhi, nikamweleza yote: bega, taa, kiwiko cha Kerubo, kile kikaratasi cha ngazi, na yule kijana wa Juja Road. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza kama naweza kuahidi kwamba sitakufundisha majibu kabla ya kuja. Nikaahidi.

Kwa hiyo sikufundishi majibu. Lakini kuna mambo mabaya niliyokufundisha zamani, na hayo nina haki ya kuyaondoa mwenyewe.

Nilikufundisha kutikisa kichwa. Mwenye masikio akikusemesha na hujaelewa, tikisa kichwa, tabasamu, ataondoka. Ilikusaidia dukani na kwa wajomba zako. Keshokutwa usitikise kichwa. Ukipotea katikati ya swali, mwambie mkalimani umepotea, hata kama umepotea mara kumi, hata kama uso wake umechoka. Hiyo ndiyo kazi iliyomleta.

Nilikufundisha kukaa vizuri mbele ya wakubwa. Nakuomba, mwanangu, mara hii moja usikae vizuri. Kama kuna pangaboi na macho yanataka pangaboi, yaache yaende. Kama ni mti nje ya dirisha, nenda kwenye mti. Usijifinye paja chini ya meza, nimekuona ukifanya hivyo, usifikiri sijui. Usijitahidi kuwa Rehema niliyekuwa nikiwaonyesha wageni. Yule alikuwa na mikono mitatu.

Na usiwaambie uko sawa. Hilo neno nililisema mimi kwa niaba yako, na limekugharimu mguu.

Sasa utauliza, na wakisema tena hakuna kitu? Nimejiuliza hilo kiwandani, njiani, na juu ya mswala mpaka dua zimeniishia nikabaki nimeinua mikono mitupu. Sijui, Rehema. Ningependa kuwa baba mwenye mpango wa pili. Sina. Kuna vyuo vingine, watu husema, lakini nakutazama na sioni kama una nguvu ya kuanza tena, na mimi sioni kama ninayo ya kukusukuma. Najua hili tu: wakikutoa, utarudi hapa na hakuna atakayetamka neno uvivu ndani ya nyumba hii. Mjomba wako akilitamka, atashuka ngazi bila kumaliza chai. Na wakikuta tatizo, usije ukalia kwa aibu kama ambavyo ningelia mimi. Litakuwa limepata jina, basi, na wewe ulikuwa nalo tangu darasa la tano.

Nimemaliza maneno na jua linashuka. Mama yako anaita kutoka chini nimsaidie kupandisha cherehani. Bado jambo dogo.

Kesho alfajiri nitakusindikiza hadi steji, na Kerubo atakuwepo. Kutakuwa na watu, makondakta, mizigo, vibao vya kila rangi, na macho yako yatakwenda huko yote. Wakati wa kuagana utafika na utakuwa unatazama kwingine, nakujua. Sitakugusa bega. Nitasimama mbele yako na nitangoja, hata kama basi linapiga honi, mpaka macho yako yaje yenyewe.

Wiki nzima hii, ukilala, nimekuwa nikifanya mazoezi kwenye kioo cha bafuni. Mama yako amenirekebisha vidole, anasema kwanza nilikuwa nakuita mbuzi. Sasa naweza. Vidole viwili kutoka jichoni, halafu kando, polepole.

Ukinitazama, nitakuita kwa jina lako.

Baba yako